Mstari wa Pili wa Kaya ya Mhunzi

Siku mliyoniaga mlinipa blanketi, birika la umeme na keki yenye jina langu lililokosewa. Sikukasirika. Mimi Kwamboka nimekosea majina ya watu wengi kuliko mwoka keki yeyote wa Kisii mjini. Halafu mkaniomba niwaandikie makarani wapya yale niliyoyaona tangu nilipoanza kama karani wa sensa, nikiwa na miaka ishirini na miwili, hadi nilipofunga dawati langu mwaka huu. Mlisema ziwe kurasa chache, na ziwe za kutia moyo. Uchache nitajaribu. Hilo la pili siwaahidi.

Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vilikuja kwa kuchelewa, mishahara kwa kuchelewa zaidi, na hapo hakuna la kujifunza ila subira.

Tulifundishwa kwa siku tatu katika darasa la shule ya msingi, tumekalia madawati ya watoto, magoti karibu yaguse kidevu. Tulikula kiapo cha siri, kwamba utakaloambiwa mlangoni mwa mtu litaingia kwenye fomu na halitatoka hapo kwenda popote. Kisha tukapewa begi la turubai, penseli mbili, kifutio, chaki ya kuandika namba mlangoni na ubao wa kuegemeza karatasi. Ambacho hatukupewa ni mfuko mtupu wa mbolea, na bila mfuko huo hakuna sensa Gusii. Mvua ya huku hufika saa nane mchana kana kwamba imepewa miadi, na fomu iliyolowa haisomeki. Nilizifunga fomu zangu ndani ya mfuko ule siku zote nane, zikanuka mbolea hadi zilipokwenda Nairobi. Nyinyi mna tableti. Hata hivyo bebeni mfuko.

Nyumba yangu ya kwanza kabisa nilihesabu maiti. Nilimuuliza mama mwenye boma kama mumewe yupo. "Yupo," akasema, akaelekeza kidole migombani. Nikaandika jina, umri na kazi ya mzee, nikamaliza. Wakati wa kuondoka nikasema ningependa kumsalimu, ndipo nikapelekwa hadi kwenye kaburi lililosakafiwa vizuri, lenye msalaba. Msimamizi wetu alipopata habari aliufuta ule mstari kwa mkono wake. "Kwamba alilala hapa usiku wa sensa, sikatai," aliniambia. "Lakini serikali inataka wale walioamka."

Msimamizi huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Tulimwita Mzee Okeyo, mtu wa kando ya ziwa aliyekuja kwetu kikazi akiwa kijana na hakurudi kwao tena. Ekegusii alikisema kwa lafudhi iliyowachekesha akina mama wa soko la Nyamache, na walipokuwa wakimcheka walimwambia mambo ambayo sisi wenyeji hatukuambiwa. Kila jioni alikaa kwenye benchi nje ya kituo cha kununulia majani chai, akasoma fomu zetu moja moja. Alikuwa na neno moja tu la kufundishia: rudi. Umeandika mtoto wa miaka mitano na mama wa miaka kumi na mitatu? Rudi. Umeandika watoto wawili wenye umri mmoja? Rudi. Ukimwambia huenda ni mapacha, anakutazama juu ya miwani. "Huyo Huenda mimi simjui. Hana nyumba hapa. Rudi uone."

Kwake nilijifunza kwamba huku hatumuulizi mama ana watoto wangapi. Mtu hahesabiwi kama mbuzi, na mama aliyezika hawezi kutamka hesabu bila kutetemeka. Unauliza wanaitwa nani. Atawataja mmoja mmoja kwa furaha, nawe unapiga vijistari pembeni. Umri wa mzee unaupata kwa kuuliza alitahiriwa pamoja na nani, kisha unamtafuta huyo nani, ambaye atakwambia yeye ni mkubwa. Niliwahi kumkuta mume mmoja wa wake watatu, ambaye usiku wa sensa alilala katika nyumba zote tatu. Hakuna mke aliyekubali kuandikwa kwamba alilala peke yake. Mzee Okeyo aliniambia nikamuulize mume mwenyewe. Mume akaniambia niandike ninavyoona.

Siku ya sita nilipanda kilima kimoja upande wa Nyamache hadi kwa mhunzi. Mhunzi mwenyewe, Nyamweya, alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Karibu kila jembe na panga la kilima kile lilitoka mikononi mwake, mengi yakiwa chuma cha springi za malori. Nilimkuta mjane wake, Kemunto, ameketi kwenye kigoda anamenya ndizi mbichi. Nyuma ya nyumba nikasikia nyundo. Nikajiuliza, mhunzi amekufa, nyundo inapigwa na nani?

Tulizungumza Ekegusii. Hapa nayaandika maneno kwa Kiswahili kadiri ninavyoyakumbuka, na ya nyumba hii nayakumbuka yote.

"Bwakire, magokoro," nilimwamkia, maana kwa umri alikuwa bibi yangu.

"Bwakire, mwanangu. Wewe ndiye yule anayeandika watu?"

"Ndiye mimi."

"Basi andika. Mimi ni Kemunto. Ukitoka kwangu uandike mke wa mwanangu, anaitwa Moraa. Halafu wajukuu wangu watatu."

"Na huyo mwanao anaitwa nani?"

"Hana jina."

"Alikufa akiwa mchanga?"

Akaweka kisu chini. "Hakufa," akasema. "Hakuzaliwa."

Mtu wa mbali angeshangaa. Mimi sikuwa na haki ya kushangaa. Kemunto alikuwa amezaa mabinti wanne, mvulana hakupata. Kwetu ng'ombe wa mahari ya dada ndio wanaomwolea kaka mke. Sasa nyumba isiyo na kaka, ng'ombe hao wafanye nini? Kemunto alifanya walivyofanya wanawake wengi kabla yake. Aliwachukua ng'ombe wa binti zake, akaenda kuposa msichana kwa ajili ya mwana ambaye hakumpata. Moraa akaletwa kwa ng'ombe, mbele ya wazee, watu wakala na kunywa. Watoto atakaozaa ni wa nyumba ile na wanaitwa kwa jina la mhunzi. Baba yao wa damu ni nani, hilo mila haiulizi, na fomu ya sensa pia haikuuliza. Kwa hiyo jibu lilikuwepo, tena fupi. Mstari wa pili: mkaza mwana. Mistari mitatu inayofuata: mjukuu, mjukuu, mjukuu.

Kemunto aliniambia hata zaidi ya nilivyouliza. Mumewe alipoanza kutetemeka mikono, alisema, Moraa aliacha mvukuto akashika nyundo, watu wakanong'ona kwamba mwanamke hafui chuma, na msimu wa kulima ulipofika walewale wanaonong'ona wakaleta majembe yao. "Nilikwenda kutafuta mke," akasema, "Mungu akanipa mke na fundi. Andika kwamba ni mtu wa hapa. Mimi nikiondoka, huyu ndiye nyumba."

Sasa niwaambie kwa nini sikuandika hivyo. Nilikuwa na miaka minne katika ndoa, na mabinti wawili. Wiki ile ile mama mkwe wangu alikuwa amesema, huku anapepeta wimbi na bila kunitazama, kwamba nyumba yenye mabinti watupu hufikiriwa mapema. Mimi nilikuwa muumini, nimemaliza kidato cha nne, mume wangu mwalimu, na sijawahi kuogopa maneno kama nilivyoyaogopa yale. Nilimwona mwanamke mwingine akiingia nyumbani kwangu kwa ng'ombe wa watoto wangu. Basi Kemunto alipokuwa akinisifia Moraa, mimi niliona kesho yangu imekalia kigoda inamenya ndizi. Nikamchukia Moraa hata kabla sijamwona. Nimetafuta neno lililo laini zaidi ya hilo, sikulipata.

Hapo Moraa akatokea nyuma ya nyumba, uso na mikono myeusi kwa masizi, gunia la makaa begani. Alikuwa wa rika langu. Alinisalimu kwa adabu, akatua gunia, akanawa, akaniletea uji wa wimbi kwenye kikombe, akasimama nyuma yangu kungoja kikombe. Kemunto akauliza, "Umeandika?" Nikasema, "Naandika." Na mbele ya jina la Moraa, katika safu ya uhusiano na mkuu wa kaya, nikaandika: mtumishi. Katika safu ya kazi: kazi za nyumbani. Wale watoto nikawaandika: mtoto wa mtumishi, mara tatu. Kemunto, ambaye hakujua kusoma, akaitikia kwa kichwa na kunishukuru. Nikaumaliza uji wake.

Jioni Mzee Okeyo alisoma fomu ile mara mbili.

"Kwamboka. Huyu mtumishi analipwa na nani?"

"Na yule mjane, mzee."

"Mjane anamenya ndizi mwenyewe, umeniambia sasa hivi. Na watoto wa mtumishi wote watatu wana jina la mwenye nyumba?"

Nikaanza kufunga fomu nyingine kwenye mfuko wangu.

"Mimi si mtu wa huku," akasema. "Kuna kitu hapa mimi sikijui na wewe unakijua. Rudi."

Kesho yake nilipanda kilima hadi nusu. Mvua ikanikuta, nikajibanza chini ya paa la kanisa, nikatafuna hindi la kuchoma. Mvua ilikatika. Juu ya kilima niliisikia nyundo vizuri kabisa, mwendo wa dakika kumi tu. Nikatoa fomu kwenye mfuko, nikafuta "mtoto wa mtumishi", nikaandika "si jamaa" mahali pake, ili ionekane majina yamefanana tu, mzee asiulize tena. Chini nikaandika "nimerudi, nimethibitisha". Mzee Okeyo aliniamini, kwa sababu hadi siku ile nilikuwa sijamdanganya. Akatia sahihi.

Fomu ingeishia hapo, labda ningekuwa nimemkosea Mungu peke yake. Fomu za sensa hupelekwa zikafungiwa, zikageuka kuwa tarakimu, na hakuna anayemwona Moraa ndani ya tarakimu. Lakini naibu wa chifu wa eneo lile alikuwa na kitabu kikubwa cheusi cha kaya zake, kilichojaa mwandiko wa watu waliokuwa na haraka. Aliupenda mwandiko wangu. Aliniomba, kabla sijakabidhi fomu, nimnakilie kaya za kilima kile, jina na uhusiano tu. Hilo ni kuvunja kiapo, nilijua, naye alijua. Alinipa soda na mandazi mawili. Nilikaa ofisini kwake siku nzima, nikanakili kwa wino, herufi zimesimama wima kama askari wa gwaride. Nilipofika kwa mhunzi sikusita hata kidogo. Nilinakili kilichokuwa kwenye fomu.

Baada ya sensa nikaajiriwa katika ofisi ya takwimu ya wilaya. Miaka mingi hapo nilikusanya bei za sokoni. Nilizunguka Kenyenya, Ogembo na Nyamache siku za soko, nikiwa na mizani ya kuning'iniza na daftari. Makarani wapya, sikilizeni: mkungu wa ndizi hauna bei, una mnunuzi. Mama anayeuza atakutajia bei moja ukivaa viatu vya ofisi na nyingine ukivaa gambuti. Vaeni gambuti. Pia nilipimia watu majani chai kwenye sampuli za mavuno, nikahesabu miche, nikakimbizwa na mbwa wawili na askofu mmoja aliyedhani nimetumwa na watu wa kodi. Nilikuwa karani mzuri. Nasema hivyo bila majivuno, kwa kuwa ninajua uzuri wenyewe ulitoka wapi. Kila nilipotaka kukisia, nilikumbuka ile nyundo ya juu ya kilima, nikarudi. Nilifundisha wengine kurudi. Najua mliniita Madam Rudi nyuma ya mgongo wangu. Jina hilo halikuwa langu. Lilikuwa la Mzee Okeyo, naye alifariki akiamini kwamba siku ile nilifika juu.

Mtoto wangu wa tatu alikuwa mvulana. Mama mkwe wangu hakuhitaji kuposa mtu.

Sensa iliyofuata, miaka kumi baadaye, mimi nilikuwa msimamizi. Karani wa kilima kile aliugua, nikaenda kumalizia nyumba zake. Kwa mhunzi nilikuta mahindi yamepandwa hadi ukutani. Mahali pa karakana palikuwa na banda la kuku. Mwenye boma alikuwa mtoto wa nduguye Nyamweya, mtu mchangamfu, akanipa kiti kizuri.

"Hapa palikuwa na mama mmoja, Kemunto," nikasema.

"Alifariki, madam. Miaka nane sasa."

"Na wale waliokuwa naye?"

"Yule mtumishi?" akasema. "Huyo alitaka kukaa kama mwenye boma. Sisi tukasema hapana, twende kwa naibu wa chifu. Kitabu kikafunguliwa. Mtumishi, na watoto si jamaa. Imeandikwa vizuri, kila mtu akasoma. Akachukua watoto wake akaenda Ogembo."

Alitumia neno langu. Nilimuuliza kama hapakuwa na wazee waliowaona wale ng'ombe wakitoka. Wawili wameshakufa, akasema, na wa tatu ni baba yake. Binti za Kemunto walikuwa wameolewa mbali, na miaka ile neno la binti aliyeolewa halikusikika kwenye kesi ya shamba.

"Kitabu cha serikali hakidanganyi, ama namna gani, madam?"

"Ndiyo," nikasema, nikaandika jina lake kwenye mstari wa kwanza.

Nilipitia ofisi ya naibu wa chifu. Yule wa zamani alikuwa amestaafu, lakini kitabu kilikuwepo, na mwandiko wangu ulikuwa mzuri vilevile. Ningeweza kumwambia yule mpya palepale kwamba mstari ule ni uongo na ulifikaje mle. Ningefutwa kazi, pengine ningeshtakiwa kwa kuvunja kiapo. Nilikuwa na karo ya watoto watatu. Nikakifunga kitabu, nikashukuru, nikaondoka.

Siku ya soko nilikwenda Ogembo, nikamwona. Alikuwa chini ya mabati manne kando ya barabara, anafua jembe, watu wanangoja. Nilingoja pamoja nao. Zamu yangu ilipofika niliomba jembe moja, akanipa, nikalipa, nikaenda zangu. Hatukuzungumza zaidi ya hapo. Nililima na jembe lile hadi likaisha likawa kama kijiko, na kila mwaka nilisema mwaka huu nitakwenda kumwambia. Huyo Mwaka Huu hana nyumba, Mzee Okeyo angesema. Miaka ikapita ishirini na zaidi.

Nimekwenda baada ya kustaafu, wakati hakuna tena wa kunifuta kazi, na sijivunii wakati niliouchagua. Kwanza nilikwenda kwa wakili, nikaandika hati ya kiapo kwamba maneno ya kitabu kile niliyatunga mwenyewe, na kwamba Kemunto aliniambia kinyume chake. Wakili akapiga muhuri, akaniambia shamba limeshagawanywa, sehemu imeuzwa, kuna nyumba ya matofali juu yake, nisimtie mtu tumaini.

Moraa ana zaidi ya miaka sitini sasa. Nilimkuta amekalia kigoda ananoa visu kwa tupa. Nyuma yake mwanamke mwenye mabega mapana, bintiye, alikuwa anapiga nyundo, na kelele ilikuwa kubwa kiasi kwamba tulilazimika kusogeleana.

"Nakujua," Moraa akasema kabla sijaketi. "Wewe ni karani. Ulikuja kwetu kuandika watu."

Nikamwambia nimekuja kwa sababu ya siku hiyo. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu tangu nyumbani. Nikamwambia niliandika neno baya mbele ya jina lake.

"Mtumishi," akasema.

"Umelijuaje?" nikauliza.

"Nilikuwa nimesimama nyuma yako. Nimesoma hadi darasa la saba." Akaendelea kunoa. "Sikukukasirikia wewe, dada. Karani anaandika anachoambiwa."

Nilichukua muda kuelewa. Miaka yote nilidhani nimemnyang'anya shamba. Yeye alikuwa ameingia uani wakati Kemunto ameshamaliza kusema. Alichokiona ni mama mkwe wake ameketi na mtu wa serikali, neno linaandikwa, na mama mkwe anaitikia kwa kichwa na kushukuru.

"Hukumuuliza?" nikasema.

"Nimuulize mama mkwe? Na chinsoni je?"

Chinsoni ni ile heshima yetu ya wakwe, inayoamua nani anaweza kumtazama nani na kusema naye nini. Mkaza mwana hamwendei mama mkwe na swali kama lile. Hata mimi nisingelimwendea wangu.

"Nilimuuguza miaka miwili," Moraa akasema. "Nilimwogesha, nikamlisha. Nilifanya vizuri, kama mtumishi anavyofanya, bila neno la zaidi. Alikuwa akinishika mkono, mimi nauondoa, nasema nina kazi. Alipokufa watu walilia, mimi nikapika. Wazee wakaniuliza, wewe ni nani wa nyumba hii? Nikanyamaza. Ningesema nini? Mwenyewe alikuwa ameshasema."

Hapo nikamweleza. Nilimweleza neno kwa neno alichosema Kemunto, kuhusu ng'ombe wa binti zake, kuhusu nyundo, kuhusu mke na fundi, na kwamba yeye ndiye nyumba. Nikamweleza kwamba lile neno lilitoka kichwani mwangu, na sababu yake, na kwamba nilitumwa nirudi nikakaa chini ya paa la kanisa nikala hindi. Aliacha kunoa. Akaniomba nirudie, nikarudia. Akaniomba tena mahali pamoja tu, pale pa kwamba yeye ndiye nyumba, nikapasema tena. Machozi yalimtoka bila sauti, akayaacha.

Nikatoa ile hati. Hakuitazama.

"Wasichana wawili niliwazaa hapa Ogembo, yeye akiwa ameshakufa," akasema. "Huyu ndiye wa kwanza."

Nilijua anakokwenda, nikatamani asifike. Kwetu msichana anayezaliwa nyumbani baada ya bibi kufa huchukua jina la bibi. Ndivyo jina linavyorudi, na ndiyo sababu Kemunto alitoa ng'ombe.

"Watu walinishauri," Moraa akasema. "Nikawaambia jina la tajiri halipewi mtoto wa mtumishi. Wote wawili niliwaita kwa upande wa mama yangu."

Bintiye alikuwa ameona mama yake analia. Akaweka nyundo chini, akaja akijifuta mikono kwenye aproni, akanisalimu, akaichukua ile hati mkononi mwangu. Aliisoma yote taratibu, amesimama, kidole kikifuata mistari. Halafu akainama karibu na mama yake.

"Mama," akasema, "Kemunto ni nani?"